Ganzi Mikononi mwa Mng'arishaji

Mtaani kote alijulikana kwa jina la Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama ubavuni mwake ukanyoa ndevu. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya duka la betri, na ukuta mmoja tu ulimtenga na chumba alichoshonea mkewe. Mashine ya kung'arishia ikinguruma huku, cherehani ilijibu kule.

Wateja walidhani siri yake ni nta. Kioo aliwacheka.

"Nta ni kama mafuta ya kujipaka," aliwaambia. "Ukijipaka hujaoga, utang'aa na uchafu wako."

Kazi yenyewe ilikuwa kabla ya nta. Aliosha gari, akavaa mfuko mwepesi wa plastiki mkononi, akapapasa bodi taratibu. Rangi inayomeremeta machoni huweza kukwaruza vidole kama chumvi, kwa vumbi la breki na utomvu wa miti vilivyoganda juu yake. Hapo alinyunyiza maji ya sabuni, akapitisha kipande cha udongo wa mafundi rangi, laini kama unga uliokandwa, ukang'oa punje hizo hadi mkono uteleze. Ndipo ikaja polishi ya kufuta michirizi, na nta mwisho kabisa.

Vidole ndivyo vilivyomwambia lini aache. Na sasa vidole vilikuwa vinakufa ganzi.

Alianza kuamka akikung'uta mikono kama aliyeshika siafu. Vikombe vikawa vinamponyoka. Mkewe akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nimelalia mkono." Hospitali hakuenda. Aliogopa kuambiwa basi, kazi imekwisha, na usingizi ukamkimbia akiwaza atawalisha nini watoto.

Katika hali hiyo ndipo mkunga mstaafu alipomletea gari lake la buluu iliyokoza. Huyu mama ndiye aliyewapokea watoto wote wa Kioo walipozaliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu anaolewa kesho, na gari la bibi harusi ndilo hili. Usiniangushe, eh?"

"Niachie mimi, mama," Kioo alisema.

Alipoliosha na kulipapasa, hakusikia kitu. Akabadili mkono. Kimya. Ilikuwa kama kupapasa kupitia blanketi. Akaamua kufanya kwa mazoea: akanyunyiza maji, akashika udongo, akaanza na boneti, mbele na nyuma, mbele na nyuma, jasho likimtiririka ingawa jua lilikuwa bado halijapanda.

Udongo ulimponyoka bila yeye kujua. Aliposhtuka, ulikuwa miguuni pake, kwenye mchanga. Kila fundi anajua: udongo ukianguka chini, unatupwa. Lakini kilikuwa kipande cha mwisho. Akauokota, akaukanda ndani kwa nje, akaugeuzageuza mwangani. Ulionekana safi. Akajaribu kuhakikisha kwa kidole, na kidole hakikumwambia lolote.

Akaupitisha mara moja tu. Sauti aliisikia kabla ya kuona: *krii*. Mchirizi mweupe ukakatiza boneti ya bibi harusi.

Akakimbilia mashine, akaiwasha, kisha akaizima. Polishi inakula rangi. Ukibana kupita kiasi, hasa ukingoni, unatokea kwenye bati. Siku zote alipima joto la rangi kwa kiganja, na kiganja ndicho hicho kilichosinzia. Akasimama pale, mashine mkononi, hajui aende mbele wala nyuma.

Cherehani upande wa pili wa ukuta ikanyamaza. Mkewe akatokeza mlangoni, pini midomoni.

"Mbona unaiwasha na kuizima? Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akatoa pini. "Baba watoto, nitazame. Ni mikono, siyo?"

Kioo akaanza kusema amelalia mkono, akaachia njiani. "Siisikii," alisema. "Mama watoto, siisikii kabisa."

Mkewe hakumlaumu. Alivaa mfuko wa plastiki, akaweka mkono kwenye mlango wa gari, akakunja uso. "Hapa pana chengachenga. Hapa pia. Hapa panateleza." Kisha akamtuma mtoto dukani akalete udongo mpya.

Wakafanya pamoja. Yeye alisugua, mumewe akimwelekeza kwa macho: usibane, ongeza maji, kunja upande safi. Kwenye boneti Kioo alishika mashine, na kila baada ya muda mfupi mkewe aligusa rangi na kusema, "Bado vuguvugu," au, "Acha ipoe!" Mchirizi ukafifia, ukafifia, ukabaki uzi mwembamba ambao ungeonekana tu ukiinama.

Mkunga aliporudi, Kioo alimwinamisha mwenyewe na kumwonyesha. "Nisamehe, mama. Nimekuharibia."

Mama hakuutazama sana ule uzi. Aliichukua mikono ya fundi, akaminya viganja, akagonga kifundo cha mkono kwa kidole. Kioo akaruka kama aliyepigwa shoti.

"Gari litapita," alisema mkunga. "Hii mikono ndiyo haiwezi kungoja. Mshipa wa fahamu umebanwa na mtetemo wa mashine yako. Jumatatu naja kukuchukua mwenyewe."

Na akaja. Daktari alisema hayo hayo, na akaongeza kwamba wamechelewa. Walimpasua mkono wa kulia, na baada ya miezi ya kungoja kwa hofu, vidole vyake vikaanza kuchomachoma, kisha kusikia. Wa kushoto haukurudi sawasawa. Mashine sasa huishika kidogo kidogo, akipumzika katikati. Magari yenye rangi nyembamba hukaguliwa na mkewe, na wateja wengine hufika wakiuliza moja kwa moja, "Mama Kioo yupo?"

Kioo hujifanya amenuna. Lakini bado huamka kabla ya wengine, akalala kimya gizani, akigusa shuka kwa kidole kimoja kimoja kuona kama vyote vipo.