Mbabula Ndani ya Hema

Mwezi wa Julai 2017, katikati ya msimu wa baridi, kanisa letu la wahamiaji mtaani Yeoville lilipanda kilimani, nje ya jiji, kufunga na kuomba siku tatu kwenye mahema ya kuazima. Mchungaji alitangaza kwamba aliyejaa Roho hasikii baridi. Yeye mwenyewe alilala ndani ya gari na blanketi tatu. Nilimkasirikia, na hasira hiyo haijaisha.

Mama, dada yangu mkubwa na mimi tulipewa hema moja. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lubumbashi. Dada alikuwa anakohoa. Umande uliganda juu ya nyasi, na tumbo tupu halina joto la kumpa mtu. Mama hakuvumilia kumwona akitetemeka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akafanya lile alilotufanyia kila msimu wa baridi tulipokuwa wadogo. Aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, akangoja nje mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, ndipo akaliingiza ndani. Nyumba za kwetu zina nafasi chini ya mabati, upepo unapita. Hema la nailoni lina zipu. Mama akaifunga, na matundu akayaziba kwa vitenge.

Mimi nilikuwa kwenye zamu ya maombi. Jua lilipochomoza nilirudi, nikafungua zipu, joto likanipiga usoni. Mama, aliyelala mlangoni, alikuwa anatapika na kulia kwamba kichwa kinamuuma. Dada hakuamka.

Hospitalini daktari alieleza kwa Kiingereza kwamba makaa ndiyo yaliyomuua. Hewa yake haina harufu, mtu hulala moja kwa moja. Mama hajui Kiingereza. Alinivuta mkono.

"Anasema nini?"

Nilitazama vidole vyake. Bado vilikuwa na masizi.

"Baridi, mama," nikasema. "Ni baridi ndiyo imemuua."

Akakaa chini pale sakafuni.

"Ningeongeza makaa," akalia. "Yesu wangu, ningeongeza tena makaa!"

Alirudi Lubumbashi baada ya mazishi. Kila baridi inapoanza hunipigia simu.

"Mwanangu, ufunge madirisha muzuri. Baridi isikuue vile iliua mukubwa yako."

"Ndiyo, mama, nimefunga," namjibu, nikiwa nimejikunja chini ya blanketi, dirisha liko wazi.