Soda ya Posa

Ile kampuni ya soda niliacha kuiheshimu siku kijana wake wa mauzo aliposimama mlangoni mwa duka langu hapa Katesh, fulana inang'aa, akanitangazia kwamba ladha imeboreshwa. Imeboreshwa kwa ajili ya nani, hakusema. Nilifungua chupa moja mbele yake. Utamu ulichelewa kuja, kisha ukagoma kuondoka mdomoni, kama dawa ya kikohozi ya watoto. Nikamwambia hii siyo. Akatabasamu kama alivyofundishwa kwenye semina.

"Mtazoea tu, mama."

Mtazoea. Ndivyo anavyofanyiwa ng'ombe anayefungwa plau mara ya kwanza, na ng'ombe angalau hauziwi hilo plau.

Watu hawakuzoea. Siku za mnada wafugaji walionja funda moja, wakamwaga iliyobaki mavumbini na kunirudishia chupa. Akina mama wa kwaya walihamia kwenye chai. Jirani yangu mwenye mgahawa alibandika karatasi mlangoni, "Ya zamani ipo", akauza mpaka ikaisha. Kampuni ikajibu kwa kutuletea gari lenye spika, likituimbia mchana kutwa jinsi tunavyoipenda ladha mpya. Sijapata kuona dharau ya namna hiyo.

Kwa mtu wa mjini huo ni ugomvi wa kinywaji tu. Kwetu soda ina kazi nyingine. Ukoo wetu kule kijijini Daudi ulipookoka na kuacha pombe, uliiweka soda mahali pake kwenye posa. Upande wa kijana unaileta, baba wa binti anafunguliwa chupa ya kwanza, anakunywa mbele ya wote. Akiimaliza, mazungumzo yanaanza. Akiiacha, wageni wamekataliwa, na wanaaga bila kuuliza sababu. Watu wa kijiji cha Gitting nao wanafuata utaratibu huo huo.

Mdogo wangu alimpenda binti wa Gitting. Nyumba alishaezeka bati, kilichobaki ni kumleta mwenyewe. Siku ya posa wazee wetu walipitia dukani kuchukua kreti, na ya zamani ilikuwa imekwisha Katesh nzima. Nikamshauri baba mkubwa, msemaji wetu, tubebe soda ya kampuni nyingine.

"Posa ya ukoo huu ni soda hii," alisema. "Tusianze kubadilisha mambo ya watu."

Mambo yalikuwa yameshabadilishwa, ndani ya chupa. Lakini chupa ilikuwa ile ile, na kwake hilo lilitosha.

Nilikwenda nao, nikakaa na wanawake karibu na mlango. Baba wa binti akapiga funda moja, uso ukajikunja. Akajaribu la pili, akaiweka chupa chini, akatutazama. Baba mkubwa akainuka hapo hapo, akashukuru kwa mapokezi, akaomba njia. Nilimnong'oneza kwamba ni soda hiyo, si mzee. Alinitolea jicho la kuninyamazisha. Tukatoka kwa adabu nyingi, wapumbavu waliovaa makoti.

Hatimaye hasira za wateja ziliishinda kampuni; kreti zilipoanza kurudishwa zimejaa, ikatuma watu kuuliza kulikoni. Kijana yule yule akarudi na fulana nyingine, akitangaza kwamba ladha yetu tuipendayo imerejea, kana kwamba ilikuwa imesafiri yenyewe. Nilinunua kwa sababu ndiyo biashara yangu. Salamu yake niliiitikia nusu nusu.

Nikawaomba wazee turudi Gitting. Wakasema aliyekataliwa harudi mpaka aitwe. Kule nako, nilisikia, walisema aliyeondoka mwenyewe haitwi. Mdogo wangu akawa mtu wa kula kimya na kwenda kulala. Niliumia kumwangalia.

Muda ulipita. Siku moja ya mnada yule binti akaingia dukani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

Hakuwa na jambo, alitaka maji. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama baba yake alijua ni soda tu iliyomshinda.

"Alijua tangu funda la kwanza," alisema. "Aliiweka chini akangoja mmoja wenu amuulize kama anataka chai. Ilikuwa tayari jikoni. Niliipika mimi."

Hata kampuni ile ya hovyo iliporudishiwa soda yake iliuliza kulikoni. Wazee wetu swali moja liliwashinda.

Akachukua maji yake, akaniaga vizuri. Nje mumewe alikuwa anamsubiri kwenye pikipiki.