Aliyegeuza Kichwa cha Kuku

Saa kumi na mbili asubuhi, matanuri ya kiwanda kidogo cha keki za nanasi mjini Taichung yanaanza kupata moto. Liao Su-mei, afisa utumishi mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, amejifunga kitambaa kichwani kama wengine. Anapita kwenye meza za kukandia unga akimuuliza kila mmoja swali lilelile: "Unajua nini hapa ambacho ukikipeleka kwa washindani wetu kitatuumiza?"

"Najua bosi anakoroma ofisini mchana," anajibu Bi Kuo, mpakiaji wa maboksi. "Nayo ni siri ya biashara, Dada Mei?"

Su-mei anacheka pamoja nao, ila swali lake si la mzaha. Siku hizi hamwandikii mtu mkataba kabla ya kuliuliza.

Kwa miaka mingi, kila aliyeajiriwa hapa, hata mfagiaji, alitia saini kwamba akiondoka hatafanya kazi kwenye kiwanda kingine cha keki kwa miaka miwili. Sheria ya Taiwan haikubali hivyo. Mwajiri anaweza kumzuia tu anayeshika siri za kweli, kwa muda na eneo la haki, tena amlipe fidia kwa muda wote wa zuio.

Hayo Su-mei aliyasikia kwenye semina. Aliyemjia akilini palepale ni Chiu Wen-hua.

Wen-hua alikuwa mkandaji wa unga. Aliacha kazi ili akamuuguze mama yake, mji wa Yuanlin. Kule kuna kiwanda cha keki hatua chache tu kutoka kwao, na walimtaka. Lakini aliiogopa saini yake, akaenda kubeba mizigo ghalani. Kipato chake kikashuka kutoka dola elfu thelathini na nane za Taiwan kwa mwezi hadi elfu ishirini na tisa.

Kumshawishi mwenye kiwanda, Lai Chin-fa, hakukuwa lelemama. Alihoji kwa nini amlipe mtu akae nyumbani anywe chai.

"Bosi," Su-mei alimwambia, "kama siri yake haina thamani ya hela hiyo, basi haina thamani ya kumfungia mtu riziki."

Lai alinuna siku kadhaa, kisha akakubali. Zuio likabaki kwa fundi mkuu wa jamu peke yake, anayejua vipimo vya nanasi, naye akiondoka atalipwa nusu ya mshahara kila mwezi wa zuio. Wengine wote wafunguliwe, na waliokwisha kuondoka waarifiwe kwa maandishi.

Kwa nia njema kabisa, Lai akachagua kutangaza kwenye karamu ya kufunga mwaka, akawaalika na walioondoka. Bahasha zenye barua hizo zikaanza kugawiwa wakati uleule kuku mzima anatua mezani, kichwa kikielekea kwa wafanyakazi. Hapa hakuna asiyejua maana yake: anayetazamwa na kuku, mwaka mpya hana kazi.

Vijiti vya kulia vikawekwa chini. Bi Kuo akalia kabla hajafungua bahasha.

Su-mei aliinuka, akaizungusha sahani mpaka mdomo wa kuku ukamtazama Lai. "Anayefukuzwa leo ni bosi," alisema. "Nyinyi mmefunguliwa tu."

Ukumbi ukaangua kicheko, Lai akiwemo. Karibu na mlango, Wen-hua aliisoma barua yake, akairudia.

"Hata Yuanlin, Dada?"

"Hata kiwanda cha mlango wa pili na hapa."

Leo Wen-hua anakanda unga Yuanlin, na mchana anakwenda nyumbani kumlisha mama yake. Majuzi alimletea Su-mei boksi la keki za huko.

"Ni tamu kuliko zetu," Su-mei ananong'ona, akiutazama mlango wa ofisi ya bosi.

Bado wapo walioondoka zamani na kuhama, ambao barua hazikuwafikia. Jumapili hii Su-mei anapanga kwenda sokoni kumtafuta mama mmoja aliyekuwa akimenya nanasi. Amesikia sasa anauza soksi.

"Labda anazipenda soksi," anasema. "Ila nataka awe amezichagua mwenyewe."