Injini ya Jumapili, Harusi ya Jumamosi

"Hii gari, siku nyingi, itatembea wapi?"

Fundi Saidi aliniuliza hivyo ndani ya gereji yake ya Buyenzi, hapa Bujumbura, grisi imemfika viwikoni, na mimi, niliyemaliza chuo kikuu na ninayebishana hata na mhubiri wetu, nikamjibu habari za Jumapili tu. Aibu iliyofuata nilijitafutia mwenyewe, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu, nimeshachoka kuchekwa.

Gari lenyewe ni dogo, la wazi, lina viti viwili, na ni jepesi kiasi kwamba wanaume wanne wanalisukuma bila kuvua makoti (hilo nimelithibitisha mbele ya mashahidi). Nililipata likiwa na injini iliyokufa. Nilitaka linipeleke kazini kutoka Kanyosha, na Jumapili nikimbie nalo kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako sisi wachache wenye wazimu huo tunapanga matairi mabovu kwenye uwanja wa ghala moja na kupimana muda. Fundi aliniwekea njia tatu: kufufua injini ileile kama ilivyotoka kiwandani, au kuweka injini kubwa ya basi dogo, ambayo vipuri vyake viko kila kona ila ni nzito na pua ya gari ingeinama, au kuichonga ile ndogo, yaani kubana silinda zaidi na kuitia shafti kali ya kufungulia valvu, ili ipumue vizuri ikizunguka kwa kasi.

Nikachora jedwali kwenye kompyuta, nguvu kwa uzito, na njia ya tatu ikashinda kwa mbali.

"Mi nakwambia, iyo shafti inapenda mbio tu," Fundi akasema. "Ukienda polepole inazimika. Ralanti utaisahau."

Ralanti ni ule mngurumo wa chini wa injini gari likiwa limesimama. Nikamwambia siku za mbio hakuna anayesimama.

"Fundi, hesabu haidanganyi."

"Ndiyo, mutoto wangu. Lakini hesabu haisimamake njiani. Gari inasimamaka."

Nikamwona mtu wa zamani anayeogopa vitu vipya. Akafanya nilivyotaka, na Jumapili mbili mfululizo lile gari liliruka kama limechomwa sindano, nikawapita wenye magari makubwa, nikarudi nyumbani nikiwa sishikiki. Kwa hiyo dada yangu Aline aliposema kwamba siku ya harusi yake anataka yeye na mchumba wake Désiré wakae juu ya gari la wazi, watu wote wawaone, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza chochote.

Hapo inabidi niwaambie habari za Baba. Baba alivuka mpaka kutoka Congo akiwa amembeba Aline mgongoni, mimi sijazaliwa, na familia moja ya hapa mjini ikawapa chumba. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwashukuru mbele za watu, maana ni mtu wa maneno machache. Harusi hii ndiyo ilikuwa nafasi yake: baba wa binti husimama, huhutubia wakwe na wageni, na wale waliompa chumba wangekuwa wamekaa meza ya mbele. Aliandika kurasa nne. Kwa mwezi mzima tulimsikia bafuni akijisomea, akikohoa kila mara palepale, kwenye jina la yule mama aliyewafungulia mlango.

Ukumbi tulipewa saa nane hadi saa kumi, kwa sababu Jumamosi ukumbi mmoja hupokea harusi mbili au tatu, moja ikitoka nyingine inaingia.

Tukatoka kanisani saa nane kasoro. Sasa, msafara wa harusi wa Bujumbura mnaujua: mbele kuna pikapu, mpiga video amekaa nyuma akiwatazama maharusi, na ni mkono wake unaoamua mwendo, na mwendo wenyewe ni wa mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Mimi nilikuwa na injini inayotaka kupiga kelele. Nikiiachia inazimika, nikiikanyaga inaruka, na kila ikiruka, maharusi waliokaa juu ya mgongo wa gari, miguu kwenye kiti cha abiria, wanakumbatiana kwa lazima.

"Polepole, dada! Picha inatetemeka!" mpiga video akanipigia kelele.

Nikaenda polepole. Ikazimika. Nyuma, magari kumi na matano yanapiga honi, kwanza za furaha, halafu za aina nyingine. Désiré akashuka na suti yake nyeupe akasukuma, ikawaka, tukaenda hatua thelathini, ikazimika tena, na safari hii joto lake lilishapanda, haikutaka hata kukohoa. Shangazi yake Désiré akaja mpaka dirishani (dirisha lenyewe halipo).

"We binti, hii gari muliazima kwa nani?"

"Ni yangu, mama."

"Aa. Pole basi."

Mwenye baiskeli aliyebeba ndizi akasimama akatutazama vizuri. "Chauffeur, nipatie bibi harusi mi nimupeleke! Baiskeli haizimikake!"

Aline hakucheka. "Dada, saa ngapi?" aliuliza. Akauliza tena. Tungewahamishia kwenye gari jingine, lakini mpiga video alisema ataanza upya picha zote, na wajomba walishavaa ubishi, wanasukuma kwa zamu huku wakiimba, kwa hiyo tuliingia uani mwa ukumbi injini ikiwa kimya, nimeshika usukani kama mtu wa maana. Saa tisa na nusu ilishapita.

Msemaji wa upande wa Désiré alizungumza kwanza, hakupunguza hata salamu moja. Baba aliposimama na kurasa zake, meneja wa ukumbi alikuwa mlangoni akigongagonga saa ya mkononi. Mimi, kwa aibu, nikitaka angalau jambo moja siku ile liishe kwa wakati, niliandika kwenye kitambaa cha karatasi, nikampelekea: Baba, fupisha.

Akasoma. Akazikunja kurasa nne mara mbili. "Tunawashukuru wote," akasema. "Mutunze mutoto wetu." Akakaa. Yule mama wa meza ya mbele akapiga makofi kama wengine. Kabla Désiré hajapewa picha za harusi, mama huyo alishafariki.

Fundi alinirudishia shafti ya kawaida. Sasa gari linanguruma kwa adabu, Jumapili nashika mkia, na nimeapa sitachagua tena injini ya mtu yeyote kabla ya kujua siku zake nyingi zinapita wapi.

Juzi hapa ofisini mwenzangu alikuwa ananionyesha picha za harusi ya kaka yake, nikautambua ukumbi, nikaitambua na Jumamosi yenyewe kwa tarehe. Walikuwa ndio wanaotufuata ukumbini, zamu ya saa kumi. Msafara wao ulikwama bila mafuta, akaniambia, na walifika saa kumi na moja na nusu wakaukuta ukumbi mtupu, viti vimepangwa, meneja anasinzia.