Kuchora kwa Mkono wa Kushoto

Nilipofika Mweso kuanza sehemu ya ujenzi katika shule ya ufundi, mwalimu wa mchoro alitutaka tukae wawili wawili, kwa sababu meza za kuchorea hazikututosha. Nilikuwa msichana peke yangu darasani, na wavulana walikuwa wamekwisha kuchaguana. Aliyebaki ni mmoja aliyetoka Buleusa kwa miguu, mtoto wa wakulima wa msituni, mrefu, mikono ya shati ikimwishia juu ya viwiko. Alisogeza kiti chake akaniambia, "Karibu, dada. Meza iko ya siye wawili."

Mimi sikupenda ujenzi. Baba ndiye aliyeupenda. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo aliyefungua duka Pinga kabla sijazaliwa, na fundi mmoja alikuwa amemjengea depo ya kuwekea bidhaa ambayo ukuta wake mmoja uliegemea nje kama mlevi anayetafuta pa kushika. Siku alipouona, Baba aliapa kwamba mtoto wake mmoja atajifunza kuweka nyumba kwenye karatasi kabla haijawekwa chini. Kaka zangu walikuwa tayari barabarani na bidhaa. Kura ikaniangukia mimi.

Mwaka wa kwanza nililia sana. Mwalimu aliweka kipande cha mbao mezani akatutaka tukichore mara tatu: kikitazamwa mbele, kikitazamwa juu, kikitazamwa kwa upande wa kushoto. Na ule wa kushoto, alisema, unachorwa kuume kwa karatasi. Kwa nini kuume? Nilikaa nikiinamisha shingo huku na huku, nikizunguka meza, mpaka wavulana wakaanza kunicheka.

Mwenzangu wa meza hakucheka. Alitoa kiberiti mfukoni, akakilaza juu ya karatasi.

"Wewe usizunguke, dada. Ukae. Kitu njo inazunguka." Akakibingirisha kiberiti mara moja kuelekea kuume, na ubavu wake wa kushoto ukawa juu, unatutazama. "Umeona? Iko imelala pale pale inafaa kuchorwa."

Tangu siku hiyo nilielewa. Lakini kuelewa ni jambo moja na mkono ni jambo jingine. Mistari yangu ilikuwa minene hapa na myembamba pale, na jasho la kiganja liliacha alama za kijivu kwenye karatasi. Yake ilikuwa safi kama uzi. Alikuwa akiizungusha kalamu taratibu kati ya vidole huku akiivuta, ili ncha iishe sawasawa pande zote, na mkono wa kushoto ukiibana te, ile rula ndefu yenye kichwa, kwenye ukingo wa meza. Mwalimu alikuwa akichukua karatasi yake na kuionyesha darasa zima.

Vita ilikuwepo wakati wote huo. Mlio wa risasi ukisikika upande wa vilima tulifunga shule, ukinyamaza tukafungua, na mwalimu akaendelea pale alipoachia. Ndipo, katika likizo kubwa, habari zikafika kwamba Buleusa imeshambuliwa, nyumba zimechomwa, watu wametawanyika porini. Mwenzangu alikuja kuniaga kwa shangazi yangu, nilikokuwa nikikaa.

"Njia iko mubaya," nikamwambia. "Ungoje kwanza."

"Mama iko mumoja tu, dada. Nikimuona, narudi."

Shule ilifunguka, na upande wake wa meza ukabaki mtupu. Niliuliza madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wanaopanda kutoka Pinga. Kila mmoja alikuwa na habari yake, na hakuna habari iliyofanana na nyingine. Mwisho nikaacha kuuliza. Kisha siku moja ya soko, mama mmoja anayeuza maharagwe akaniambia kuna mwanafunzi wa ujenzi analala hospitali, ametoka upande wa Walikale, huko Buleusa iliko.

Nilimkuta ameketi juu ya kitanda, mkono wa kuume umefungwa mpaka kiwikoni. Mama yake alikuwa mzima, ameketi chini kwenye mkeka, miguu imevimba kwa mwendo. Walikuwa njiani pamoja na watu wengine wanaokimbilia Pinga, risasi zikaanza mbele na nyuma yao, na moja ikapita katikati ya kiganja chake. Alinieleza hivyo kwa maneno machache, kisha akaniuliza, "Mulifika wapi mu mchoro?"

"Ngazi," nikasema. "Tunakata ngazi."

"Inakatwa namna gani?"

Nikamchorea kwa kidole juu ya shuka, ngazi kana kwamba imepasuliwa kwa msumeno ili ndani yake ionekane: hapa unapokanyaga, hapa inapopanda, huku chini zege inakuja mshazari. Alifuata kidole changu kwa macho. Mama yake naye alifuata, ingawa sidhani alijua tunatafuta nini pale kwenye shuka. Nilipomaliza, mwenzangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vidole tatu hainisikie tena."

Nikarudia kueleza ngazi.

Aliporudi darasani alianza kutumia mkono wa kushoto. Lakini kuchora kunataka mikono miwili: mmoja unabana te, mmoja unavuta. Wa kuume haukuweza kubana. Te iliteleza, ekere, ile pembetatu ya kuchorea iliyoegemea juu yake, ikateleza nayo, na mstari ukakimbia kama mjusi. Alifuta, akachora, akafuta tena, mpaka karatasi ikachubuka na kutoboka. Nikawa ninambania te. Mwalimu alipopita karibu na meza yetu alitazama dirishani, na mimi nilijua kwa nini anatazama dirishani. Kwa namna hiyo tukapita mwaka.

Mwaka wa mwisho, parokia ilipata kompyuta tatu. Zilipanda na lori la mfanyabiashara mmoja wa kwetu, zimefungwa katikati ya magodoro ili zisivunjike kwenye mashimo ya njia ya Kitshanga. Padiri aliziweka katika chumba nyuma ya kanisa, akaweka jenereta nje chini ya bati, akaita wanafunzi wa ujenzi. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuchorea majengo. Mwalimu wetu hakuwa ameigusa maishani mwake. Alipewa kitabu kinene cha Kifaransa, na nadhani alikuwa mbele yetu kwa ukurasa mmoja tu. Akikwama alituambia twende nje kupumzika, tukimwona kupitia dirishani akifunua kurasa.

Mimi kompyuta iliniudhi mwanzoni. Nilikuwa nimeupata mkono kwa machozi, na sasa niliambiwa nibonyeze. Unaandika urefu wa ukuta, unaonyesha upande unaoelekea, ukuta unatokea. Ukikosea unarudisha nyuma, na karatasi, kama ile ni karatasi, haina kovu.

Mwenzangu aliketi, akashika kipanya kwa mkono wa kushoto. Aliandika namba polepole, kwa kidole kimoja, akabonyeza. Mstari ukatokea, umenyooka, kutoka ncha hadi ncha. Akautazama. Akaandika namba nyingine. Mstari mwingine. Akachora pembe nne, akaweka mlango, akageuka kunitazama na nikamwona akicheka, mara ya kwanza tangu hospitali.

"Dada, hii haiulizi mukono gani."

Baada ya hapo hatukuweza kumtoa chumbani. Alichora nyumba ya mama yake ya Buleusa, ile iliyochomwa, na jiko la nje, na choo, kwa vipimo alivyovikumbuka kwa hatua za miguu. Kisha akaichora upya kwa matofali na bati. Akajifunza kuchora ngazi, ile ile niliyomchorea kwenye shuka, na akanionyesha mahali nilipomweleza vibaya. Alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Mwalimu alianza kumwita yeye tulipokwama, na yeye alikuja na mkono wake mbaya umeingizwa mfukoni.

Wazo la mtihani lilikuwa la mwalimu. Mchoro wa mwisho hufanywa mbele ya juri la watahini, kwa mkono, kwa wino, juu ya kalke, ile karatasi inayopitisha nuru. Mwalimu alitaka mwanafunzi mmoja aruhusiwe kuuchora kwenye kompyuta. Alipanda kilima ambako simu ilishika mtandao ili kuwapigia wakubwa wa mtihani, sisi tukimngoja chini. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka, alikuwa amekunja uso kama mtu aliyebeba kitu kizito.

"Wanasema ni kwa mukono, kama wote," akasema. "Nimewaambia mukono umeharibika. Wanasema mashine haimo mu programu ya mtihani."

"Nitasukuma tena," akaongeza. "Kuko wengine naweza kuuliza."

Labda angesukuma. Lakini juma lile lile walikuja watu wenye silaha, mchana, bila haraka. Walisimama karibu na jenereta wakaizunguka wakiitazama. Mkubwa wao alimwambia padiri, "Tunaazima tu, Padiri. Tutairudisha." Padiri alikuwa ameweka mikono nyuma. Alisema, "Watoto wanajifunza nayo." Yule mtu akajibu kwa upole, "Njo maana tunaazima, hatukamati." Wakaizima, wakafungua nati zake, wakaipandisha juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya mkulima mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa viazi. Viazi waliviteremsha njiani. Mwenye chukudu aliwafuata akiisukuma yeye mwenyewe, kwa sababu ilikuwa yake.

Mwenzangu alikuwa ndani, katikati ya mchoro. Nilipoingia, kioo kilikuwa cheusi naye bado ameshika kipanya.

"Ulikuwa umehifadhi?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukataa.

Jenereta haikurudi. Hata mazuti, dizeli ya kuendeshea jenereta nyingine, haikuwa ikipanda tena, maana njia ilikuwa imekatika.

Siku ya juri kila mmoja alipewa meza yake, meza zilizoazimwa kwa mafundi na kwa kanisa. Nilikuwa karibu naye, lakini si karibu vya kutosha. Wakatupa kazi: ngazi ya nyumba ya ghorofa moja, ikatwe. Nilipoisoma nilimtazama. Aliijua ile ngazi kuliko sisi wote.

Nikasikia te yake ikianguka. Akainama, akaiokota. Ikaanguka tena. Mmoja wa wana juri, mzee wa sura njema, akamwambia, "Kijana, sogeza kiti, ukae vizuri." Akasogeza kiti. Haikusaidia kitu. Nikainua mkono.

"Papa, naomba nimushikilie te peke yake. Sitagusa kalamu."

Yule mzee alifikiri. Niliona kwamba alifikiri kweli. "Hapana, mama," akasema. "Kama unamushikilia, njo wewe unachora. Rudi mu kazi yako."

Nikarudi. Nilivuta mistari yangu, nikaandika vipimo, nikajaza jina na kipimo cha mchoro pembeni. Mwenzangu alimwaga wino kidogo, akaunyonya kwa ukingo wa shati, akaendelea. Hakuacha. Wakati wengine walikuwa wamekwisha kutoa karatasi zao, yeye bado alikuwa ameinama, ulimi kati ya meno, kifua chake kikibana te kwenye meza kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuibania. Karatasi aliyoitoa ilipita mbele ya macho yangu. Vidato vyote vilikuwemo. Kila kitu kilikuwa mahali pake, lakini mistari ilikuwa imepinda na kupandiana, wino umesambaa, na mahali pengine kalke imepasuka.

Matokeo yalisomwa redioni. Tulikusanyika kwa shangazi, mwalimu akiwa ameketi kwenye kizingiti. Jina langu lilisomwa. Lake tulilingoja hadi msomaji akaingia shule nyingine.

"Utarudia mwaka kesho," mwalimu akamwambia.

"Mwaka kesho mukono itakuwa ileile, mwalimu."

Watu walipoanza kurudi Buleusa, alirudi na mama yake. Mimi nilipata kazi Masisi, katika shirika lililokuwa na umeme wa jua na kompyuta mpya. Nilichora vyoo vya kambi za wakimbizi, madarasa, vituo vya afya. Nyingi kati ya kazi zile hazikujengwa. Mradi ulisimama, au vita ilihamia pale, au wale watu waliokuwa wajengewe walikuwa wamekimbilia pengine. Nilichora madarasa sita ya shule ya Buleusa. Niliyachora vizuri.

Tulikutana Pinga, sokoni, nilipokuwa nimemfuata Baba. Mwenzangu alikuwa akiuza mafuta ya mawese na ndizi pamoja na mke wake, aliyenisalimia kwa mikono miwili kama anayenijua. Nikamwambia habari za ile shule. Uso wake uliwaka.

"Darasa sita! Inajengwa wakati gani?"

"Sijui, kaka. Wanasema njia ikifunguka."

"Watoto wanasomea mu shitingi, mu turubai tu. Mvua ikinyesha wanarudi kwao." Akageukia ndizi zake. Kisha akasema, "Sawa, dada," na kunifungia ndizi ambazo sikuziomba.

Dereva wa moto akaniita. Wanajeshi walifunga kizuizi mapema siku zile, na hakutaka kulala njiani. Nikapanda. Mwenzangu alitembea kando yetu hadi mwisho wa soko, akiniuliza kama siku hizi bado mtu anaandika urefu wa ukuta mwenyewe, au kama kompyuta inajua yenyewe. Nilimjibu kwamba bado mtu anaandika mwenyewe, lakini mlio wa injini ulikuwa umepanda na hakusikia. Aliinua mkono, dereva akaongeza mwendo.