Salfa Chini ya Zulia

"Wewe mtungi, mwambie Jafari gari jeusi halinunuliwi. Mwenye mikorosho kasema jeupe."

Jafari akakohoa upande wa pili wa baraza. Ni mume wa binti yangu Ziada, na kwetu Newala mama mkwe hamsemeshi mkwewe uso kwa uso, kwa hiyo tangu chai ya asubuhi nilikuwa nagombana na chombo cha udongo. Yeye naye, kwa adabu zake, alimjibu kaka yangu Muharami, aliyekaa katikati yetu akila mihogo yangu kama vile kesi haimhusu. Ilimhusu. Muharami ni mjomba wa Ziada, na kwetu kauli ya mjomba hushinda ya baba aliyezaa. Alikuwa ameshavaa kofia na viatu vya Idi, tayari kwenda Masasi kulichukua hilo jeusi. Walichokuwa wakingoja ni Ziada arudi tu, maana kadi ya benki imo kwenye pindo la khanga yake, na pindo hilo hata mumewe hajawahi kulifungua.

Ziada aliondoka alfajiri bila kusema aendako. Wakasema yuko shambani. Nami nikasema yuko shambani.

Magari yenyewe ni haya. Jeupe liko Mtwara, jipya, viti saba, bado limevishwa nailoni. Jeusi liko Masasi, la mkononi, viti vinane, refu kama ghala, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mnunuzi wa korosho. Muharami alisema gari jipya hushuka thamani likivuka tu geti la muuzaji, tena viti vyake vya nyuma ni vya makinda ya ndege, na likitumbukia kwenye shimo moja la huku kwetu litamlilia mama yake. Jeusi limeshazoea matope. Halafu vijana wetu, wale wali, wakitoka jandoni watapitishwa mjini humo ndani, watu wadhani kaja waziri. Na chenji itakayobaki itakodi ngoma.

Hiyo chenji ndiyo iliyonichemsha. Mtu anunue gari kwa mgongo wake mwenyewe, halafu achaguliwe la bei ya chini ili wengine wapate kucheza. Nikauambia mtungi ukae vizuri, niutajie huyo mwenye mikorosho ni nani, huenda humu barazani wamemsahau.

Ziada alizaliwa njiani. Enzi zile maji ya Newala tuliyafuata bondeni kabisa, na mimi nilikuwa napanda na ndoo kichwani uchungu ukanikuta kwenye kona ya tatu. Nikajifungua hapo hapo, na ndoo sikuitua. Muharami akaguna. Sikuitua, labda maji yalipungua kidogo. Nepi yake ya kwanza ilikuwa khanga iliyokwisha kumlea Muharami mwenyewe. Akakua akirithi ndoo yenye viraka vitatu na ndala za binamu yake wa Lulindi. Begi la shule alipewa la mtoto wa mwalimu, limeandikwa jina la mwenyewe, na mpaka anafika darasa la nne walimu walikuwa wanamwita kwa jina la begi. Alipoolewa, godoro alilolikuta lilikuwa na shimo la umbo la mwanamke mwingine.

Akaanza na mikorosho kumi na miwili ya marehemu mama yangu, mizee, yenye ubwiri, ule ukungu mweupe unaokausha maua, juu mpaka chini. Leo imepita mia mbili. Kila msimu wa kupuliza huamka jogoo bado amelala, hujitwika bomba mgongoni, maana unga wa salfa, dawa ya ubwiri, hushika majani yakiwa na umande. Mgongo wenyewe sasa umepindia upande wa bomba. Salfa imemwingia mpaka mbu hawamtui. Mwaka juzi nyoka alimuuma, akafa nyoka.

Siku tulipokwenda Mtwara kulitazama jeupe, alipanda, akavuta mlango, akakaa. Muuzaji akaeleza habari za injini mpaka koo likamkauka. Ziada alimuuliza jambo moja tu, kama kuna mtu amewahi kulikalia lile gari kabla yake. Akaambiwa hakuna, mama. Basi akabaki humo ananusa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye msikitini. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye hivyo viti vya makinda ya ndege, na nilienea.

Kule Masasi mambo yalikuwa mengine. Fundi, Jafari na Muharami waliingiza vichwa vitatu chini ya boneti kama mbuzi kwenye pipa la pumba. Mimi wakaniambia nipumzike ndani ya gari. Nikapumzika, ila pua haikupumzika. Nikainua zulia la miguuni, nikakuta unga wa njano umeganda. Nikaulamba. Yule mnunuzi alikuwa anasombea mifuko ya salfa humo, na salfa ikishaonana na maji ya mvua hula bati, muulize yeyote aliyewahi kuiweka bandani. Nikabonyeza sakafu kwa mkongojo, mkongojo ukatokea chini. Nikamwona na kuku anapita.

Usiku ule nilimwambia Ziada. Alinisikiliza, akageukia ukuta, akalala. Sasa nikawaambia na hawa, kupitia kwa mtungi.

"Dada," akasema Muharami, anajipangusa mafuta mdomoni, "si wewe uliyesema simba alikubebea ndoo kutoka bondeni?"

"Alinibebea, na silikani. Sakafu nayo imeoza."

"Na kuku ulimwona."

"Mweupe."

Jafari akacheka kwa pua. Akamwambia Muharami anifikishie kwamba hadithi zangu watazisikiliza vizuri wakirudi na gari, tena watanipandisha kiti cha mbele nizisimulie humo humo.

Miaka sitini nimewadanganya watu wa hapa wakanipa kahawa na masikio yao. Siku niliyosema kweli nikachekwa kwa pua. Nikasimama. Nikauacha mtungi. Nikamtazama mkwe wangu machoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu, nikaona kumbe jicho lake moja ni dogo.

"Jafari, wewe mwenyewe ulikuwa wa mkononi. Wanawake wawili walikuendesha, wote wakakurudisha. Mwanangu akakupokea hakuuliza nani alikukalia, akakutengeneza, na unatembea mpaka leo. Basi mwacheni, mara moja tu kabla hajafa, apate kitu ambacho hakijaingiwa na jasho la mtu mwingine."

Jafari akainamisha kichwa, akawa anatazama ndala zake. Sikumwonea huruma. Huruma ilikuja baadaye, tena kidogo.

Muharami ndiye aliyepata ulimi. Alisukuma sahani ya mihogo mbele, akasema mkwe hatazamwi vile, akasema kwa neno lile nitatozwa mbuzi mbele ya ukoo, akasema yeye ndiye mjomba na mjomba ameshaamua, fundi amesema injini nzima, bibi asiyejua hata namba za gari hawezi kumshinda fundi, na Ziada akifika atafungua pindo atoe kadi, maana tangu utoto wake hajawahi kumkatalia mjomba wake hata siku moja, hata kwa—

Mlango wa uani ukasukumwa.

Ziada aliingia na vumbi la njia ya Masasi mpaka kwenye kope. Pindo la khanga lilikuwa limefungwa vilevile, mafundo mawili. Hakunitazama, hakumtazama mumewe. Akapita kando ya mtungi, akapiga goti mbele ya mjomba wake kama nilivyomfunza, akamwekea kwenye sahani, juu ya mihogo, kipande cha bati jeusi, upana wa kiganja, kingo zimemung'unyika kama biskuti iliyopitiwa na panya, na unga wa njano umejaa kwenye matundu.

"Shikamoo, mjomba."

Muharami akakigeuza kile kipande kwa kidole, kisha akaivua kofia yake ya Idi.