Kura ya Mikono Miwili

Sijui nitamtazamaje tena Bi Zaituni, jirani yangu wa chini. Jengo letu hapa Palma lina wenye nyumba sita, nami ndiye katibu, eti kwa kuwa nimesoma chuo kikuu.

Tangi letu la maji lilipasuka. Mmoja wetu akapendekeza tukodishe chumba cha chini kwa mpishi wa wafanyakazi wa mradi wa gesi wa Afungi, kodi yake inunue tangi jipya. Chumba ni cha wote, lakini humo Bi Zaituni huoka mikate, na hana riziki nyingine.

Kabla ya kura nikatoka kupokea simu. Niliporudi, wote watano walikuwa kimya, wameinua mikono miwili miwili, hata Bi Zaituni. Nikaona hamasa ya ajabu. Nikaandika ata, yaani kumbukumbu za mkutano, kwa Kireno changu safi: imepita, hakuna aliyepinga. Wakatia saini bila kusoma kwa kuniamini, nikafunga mkutano. Siku ya pili mkataba ukasainiwa kwa ata ile.

Jana mpishi alikuja na kufuli. Bi Zaituni akasimama mlangoni, unga mikononi.

"Mwanangu, nani kakubali?"

"Nyote, mama. Hata wewe uliinua mikono miwili."

Akajipangusa unga kwenye kanga.

"Kura hatukupiga, mwanangu; tulidhani umeiahirisha. Ulipotoka tulikumbuka kuwa arobaini ya mama yako imefika. Tulikuwa tunamsomea Fatiha."